Shajara ya mradi: kumzuia nzi wa embe, Mkuranga

14 Agosti

Miembe imemaliza kupukutisha maua na dodo zimeanza kushika vitunda vidogo kama njegere. Jioni ya leo tumekutana kwa mwenyekiti wa kitongoji, kaya 23 zenye miembe upande huu wa bonde, tukakubaliana kuanza. Daftari nimekabidhiwa mimi katibu. Nitaandika tulichofanya, kilichokubali na kilichogoma, ili mwenye miembe mahali pengine asianzie gizani.

Kilichotukusanya kila mmoja anakijua. Msimu uliopita mnunuzi alikuja na Fuso kutoka Dar, akachukua embe 10 kwenye lundo letu na kuzipasua moja moja mbele ya macho yetu. Nne zilikuwa na funza. Hakugombana na mtu. Alifuta kisu, akapanda gari, akaondoka. Lundo lile likaoza palepale, na sisi kwa uchungu tukaliacha juu ya ardhi mpaka likaisha lenyewe. Hilo la kuliacha ndilo kosa linaloniuma zaidi, na nitalifikia.

22 Agosti

Bwana shamba wa kata amekuja na kichupa chenye nzi wakavu, tukakipokezana mkono kwa mkono. Siye yule nzi tunayemfukuza mezani. Mwili wake ni wa kahawia iliyokolea, mgongoni ana mistari miwili ya njano, na tumboni ana alama kama herufi T. Kitaalamu anaitwa Bactrocera dorsalis na asili yake ni Asia. Barani kwetu alionekana mara ya kwanza mwaka 2003, pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, wakidhani ni spishi mpya. Mwaka 2015 ikakubalika kwamba ni yuleyule wa Asia. Kabla yake tulikuwa na nzi wa embe wa kienyeji, mdogo, wa manjano, mwenye mabawa ya madoadoa. Alikuwa akiharibu, lakini mgeni huyu amemsukuma pembeni, tena hachagui: embe, pera, papai, chungwa, kungu, vyote kwake ni chakula.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kuyaficha chini yake. Siku moja au mbili yanaanguliwa. Funza hula nyama ya embe kwa wiki moja hivi, kisha hutoka, hujikunja na kujirusha (nimewaona wakiruka juu ya meza kama punje ya mahindi kwenye sufuria ya bisi), wakaingia ardhini sentimita chache na kujifungia ndani ya kifuko kigumu. Baada ya siku kama 10 anatoka nzi mwenye mabawa. Ukijumlisha, ndani ya mwezi mmoja kizazi kizima kimekamilika.

Mzee mmoja aliyewahi kulima Tabora akatukumbusha dumuzi, yule mdudu wa mahindi aliyetoka bara la Amerika na kuwashukia wakulima wa kule mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimwita Scania kwa jinsi alivyosaga mahindi ghalani yakabaki unga. “Dumuzi alikuja na mahindi, huyu kaja na matunda,” akasema. “Mdudu havuki bahari kwa miguu. Anabebwa.”

Hapo bwana shamba akaeleza kazi ya karantini. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na wakaguzi wake ndio wanaosimama bandarini, viwanja vya ndege na mipakani kudai cheti cha usafi wa mimea. Mama mmoja akauliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: kama nzi ameshaingia, ukaguzi wa nini tena? Jibu nimeliandika kwa wino mwekundu. Huyu ameingia, wengine bado wako njiani. Yupo nzi wa pichi, ndugu yake, ambaye tayari yuko Misri, Sudan na Mauritius. Tunda moja kwenye begi la msafiri linatosha. Wengi wetu tuna ndugu wanaosafiri, na wengi tumewahi kuletewa zawadi ya matunda, miche au mbegu bila cheti chochote. Tumekubaliana kulisema hilo majumbani.

3 Septemba

Mitego 12 imetundikwa. Tumetumia chupa za maji za lita moja na nusu: matundu manne ubavuni, pamba ndani iliyoloweshwa methili eujenoli pamoja na dawa ya kuua, waya wa kuning'iniza, kimo cha mtu mzima, upande wa kivuli. Methili eujenoli ni harufu inayowavuta madume. Glavu zimevaliwa na watoto hawakuruhusiwa kusogea. Kila mtego una namba, na kila namba ina mtu wake wa kuuhesabu asubuhi moja kila wiki.

10 Septemba

Hesabu ya kwanza. Mitego mitano ilikuwa mitupu kabisa. Watu walishangilia, wengine wakaanza kusema mwaka huu nzi hawapo. Nami nilifurahi, sitaki kuficha.

Kijana wa mtego Na. 4 hakufurahi. Alimimina kilichokuwa chini ya chupa kwenye karatasi nyeupe, akainama, akaniita. Palikuwa na mabawa tu, membamba, yanayong'aa kama maganda ya kitunguu, mamia ya mabawa bila miili. Tukauangalia waya: mstari wa sisimizi ulikuwa ukishuka na kupanda. Nzi walikuwa wameingia, wakafa, wakaliwa. Sifuri tuliyoiandika ilikuwa ya sisimizi.

Tumepaka grisi kwenye waya zote, upana wa vidole vitatu, na kukata matawi yaliyogusa chupa. Hesabu ya wiki hii nimeifuta daftarini kwa mstari mmoja na kuandika sababu pembeni. Kijana huyo sasa ndiye msimamizi wa mitego yote.

17 Septemba

Grisi imefanya kazi, na hesabu imetutia hofu. Mitego mingi ina nzi kati ya 30 na 60. Mtego Na. 7 una 212.

Kikao cha jioni kilikuwa kigumu. Wanachama wawili walitaka mitego iondolewe wakidai inawaita nzi kutoka vijiji vingine. Bwana shamba aliwajibu kwa upole: wanaokufa humo ni madume, na dume aliyekufa hampandi jike. Tena mtego ni macho. Bila huo, nzi 212 wangekuwepo vilevile, tofauti ni kwamba tusingewaona mpaka Desemba kwenye kisu cha mnunuzi.

Swali lililobaki likawa la Na. 7. Hakuna miembe mingi pale. Uko nyuma ya madrasa.

24 Septemba

Tumelipata jibu, na tulikuwa tukilikalia siku zote. Madrasa ina mkungu mkubwa, mti wa kungu, uliopandwa kwa ajili ya kivuli. Watoto wanasoma chini yake, wazee wanapumzika hapo wakisubiri alasiri. Kungu zinaiva, zinaanguka, watoto wanakula zilizo nzuri na kuacha zilizolainika. Niliokota moja, nikaimenya kwa ukucha: funza watano kwenye nyama nyembamba vile. Nikaokota ya pili, tena wamo. Embe zikiisha mashambani, nzi wanahamia kwenye kungu na mapera, wanakaa humo kusubiri embe zirudi. Tumekuwa tukipulizia dawa mashambani na kumlea mdudu pale watoto wetu wanaposoma.

Kuna aliyependekeza mkungu ukatwe. Nilipinga, na ustadhi akapinga. Kivuli kile kimelea vizazi vya watoto. Ustadhi ametoa njia yake: kila siku kabla ya kipindi cha kwanza wanafunzi wataokota kungu zote zilizo chini, watie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, waufunge na kuuanika juani. Jua la siku kadhaa huwaua funza ndani ya mfuko. Watoto wamelipokea kama mchezo, wanashindana nani kaokota nyingi.

5 Oktoba

Hesabu zimeshuka mitego yote kwa pamoja, ghafla mno. Baada ya kile cha sisimizi hatukushangilia. Pamba ilikuwa haina harufu. Kichupa tulichokinunua kwa muuza pembejeo mmoja mjini tarehe yake ilikuwa imefutwa na kubandikwa nyingine juu. Tumenunua kwingine, tumefungua na kunusa kabla ya kulipa. Wiki mbili za takwimu zimepotea.

19 Oktoba

Tumeanza chambo cha protini. Dawa ya harufu ni ya madume. Huyu jike anayetoboa embe anahitaji protini ili mayai yake yapevuke, basi unampa protini yenye sumu. Haipuliziwi mti mzima. Ni kipande cha majani cha mita moja ya mraba kwa kila mwembe, kwa chini ya jani, mara moja kwa wiki, na tunda haliguswi. Lita chache zinamaliza shamba zima, na nyuki wanaoshinda kwenye miti mingine hawapati madhara kama yale ya kumwagia dawa kila tawi. Mimi nimepulizia dawa za kawaida kwa miaka mingi, nikirudi nyumbani kifua kinabana. Hii tofauti naipenda kwa moyo wote.

Chambo chenyewe kinatokana na chachu inayobaki kwenye utengenezaji wa bia, na wapo waliouliza kama inafaa kugusa. Ustadhi ameeleza msimamo wake, bwana shamba naye ameeleza kwamba hakiliwi wala hakifiki kwenye tunda. Kaya tatu zimechagua kutotumia, wataongeza mitego badala yake. Nimeandika hivyo bila neno zaidi, maana ni haki yao.

Mtu mmoja aliuliza kwa nini hatummalizi kabisa mdudu huyu. Yapo mahali alipomalizwa. Mauritius alionekana mwaka 1996, na mwaka 1999 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Australia, eneo la Cairns, aligunduliwa Oktoba 1995 na kufikia 1999 akawa amefutwa. Lakini wale walimkuta mapema, na bahari iliwazungushia ukuta. Sisi hatuna ukuta. Hapa kazi ni kumpunguza na kumzuia asipumue.

6 Novemba

Vuli imeanza na embe za kwanza zinadondoka. Sasa nafikia kosa la lundo.

Leo tumechekecha udongo. Tulichagua mahali palepale lundo la mwaka jana lilipooza, tukachota udongo wa juu na kuupitisha kwenye chekeche la mchele. Yakabaki maganda matupu ya vifuko, ya kahawia, makubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kila moja limepasuka upande mmoja. Nilihesabu mpaka 300 nikaacha. Kila ganda ni nzi aliyeruka kutoka kwenye lundo letu kwenda kwa jirani. Nilikaa chini kwa muda, sikuwa na la kusema. Tulimlaumu mnunuzi, tulimlaumu mwenye duka la dawa, kumbe tulikuwa tumemzalisha adui kwa mikono yetu.

Kuanzia leo embe iliyoanguka hailali chini. Inaokotwa asubuhi na jioni, inaingia mfuko mweusi au shimo. Shimo ni lazima lifike magoti na zaidi, udongo wa kufunika usipungue sentimita 50, kwa sababu nzi akizaliwa chini ya tabaka jembamba huchimba akatoka.

13 Novemba

Mtego Na. 7 umeshuka mpaka 41. Na. 11 umepanda mpaka 160, na jirani yake wote wanaokota. Unapakana na kiunga cha bibi asiye mwanakikundi.

15 Novemba

Tumekwenda kwa bibi, watu watatu tu, tusije tukaonekana tumemvamia. Ana miembe sita ya dodo, mikongwe, aliyoipanda marehemu mumewe. Wanawe wako Dar, hana wa kupanda juu, basi embe zinaanguka zinakaa. Tulipofika alikuwa anafagia uwanja.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wanangu. Mmekuja kukata miti yangu?”

Habari ya mkungu ilikuwa imemfikia, imepotoshwa njiani. Tulikaa, tukanywa chai, tukamwonyesha. Chini ya mwembe wa karibu na jiko tulichekecha udongo wa eneo linaloweza kufunikwa na kanga moja. Vifuko 61, na hivi vilikuwa vizima. Alikichukua kimoja, akakibana kwa kucha, akaona kijidudu cheupe chenye alama ya macho. Akanyamaza. Kisha akasema kuku wake wamekuwa wakiparua hapo kila siku, naye alikuwa akiwafukuza wasimchimbie uwanja.

Shimo alilikataa. Upande ule lipo kaburi la mumewe, hataki jembe lisogee karibu. Tukahamishia mahali alipoelekeza mwenyewe, ng'ambo ya njia. Makubaliano: vijana wa kikundi watamwangulia embe, mauzo nusu yake nusu yao, na za chini zitaokotwa na wajukuu wa jirani. Kuku sasa wameruhusiwa kuparua.

Nimejiuliza kwa nini hatukumwendea Agosti. Tulimwona ana miti sita tu, tena ya kizamani, tukamwacha. Nzi hakumwacha.

4 Desemba

Tumevuna awamu ya kwanza. Kuna jambo la majimoto niliandike. Chungu hawa wekundu wanaoshona majani kuwa viota tumekuwa tukiwachoma kwa sababu wanauma. Kumbe utafiti uliofanywa Afrika, na hapa nchini kwenye mikorosho chini ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, unaonyesha wanafukuza wadudu waharibifu. Kwenye mwembe, jike wa nzi akinusa njia yao juu ya tunda anasita kutaga. Miti minne ya mwenyekiti ina viota vyao, na embe zake nyingi zilitoka safi. Sitasema ni wao peke yao, chambo nacho kilipuliziwa humo. Msimu ujao tutalinganisha vizuri, miti yenye viota na isiyo navyo. Vijana wa kuangua wanapaka majivu mikononi na miguuni, bado wanaumwa lakini wanavumilia.

9 Desemba

Mnunuzi amekuja. Mwingine, siye wa mwaka jana, ila naye ana kisu. Alipasua embe 20. Nilisimama karibu nikihesabu moyoni. Ya 17 ilikuwa na funza wawili. Alinyanyua macho, akatuangalia, akaendelea mpaka 20. Amenunua, bei ikiwa chini kidogo ya tuliyoitaka.

Moja kati ya 20 inatosha kwa masoko ya Dar, Buguruni na Temeke. Kwa Ulaya haitoshi. Huko funza mmoja akionekana shehena nzima inakataliwa. Kenya mwaka 2014 walisimamisha wenyewe kupeleka embe Ulaya kwa sababu ya nzi huyuhuyu, na ni 2021 ndipo walipofungua tena, baada ya kazi kama hii yetu kufanywa kwa pamoja Makueni na kwingineko, tena na embe kuogeshwa kwenye maji ya nyuzi joto 46 kwa zaidi ya saa moja. Miaka saba. Nimewaambia wenzangu hiyo miaka saba waikumbuke kila mtu anapochoka kuokota.

11 Januari

Hema la wavu limesimama kwenye shamba la mwenyekiti. Badala ya kuzika embe zote, baadhi tunazitia humo. Matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba nzi anayezaliwa hawezi kutoka, lakini nyigu wadogo wanaomshambulia wanapita. Mmoja wao, Fopius arisanus, hutaga yai lake ndani ya yai la nzi. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ilimleta kutoka Hawaii mwaka 2006, akaachiwa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Kama wapo kwenye embe zetu sijui bado. Nimeweka taa ndogo na kioo cha kukuzia pembeni mwa hema, kila jioni naangalia wavuni. Mpaka leo nimeona wadudu wadogo weusi watatu, nimewahifadhi kwenye kichupa chenye spiriti, bwana shamba atawapeleka kwa mtaalamu.

2 Machi

Embe zimekwisha. Mitego haijateremshwa, na hili lilichukua kikao kirefu: wengi walitaka kupumzika mpaka Agosti. Nimewasomea ukurasa wa Septemba 24. Mapera yameanza kuiva, kungu hazina msimu wa kupumzika, na nzi anavuka masika humohumo. Tumepunguza mitego ibaki sita, pamba zimebadilishwa kabla mvua hazijakolea, na grisi imepakwa upya. Na. 7 leo ina nzi 19. Na. 11 ina 22.

Jioni nikiwa naandika haya, mjukuu wa jirani yake bibi amepita mlangoni na ndoo ya mapera yaliyoanguka. Nilimuuliza anakwenda wapi nayo. Bibi kamtuma shimoni, na kamwambia akafukie mpaka mguu usizame.